Buluu ya Kumtuliza Baba

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwanza kwamba rangi ya ukuta inaingia moyoni mwa mtu. Alinipigia simu siku ya Jumapili, nikiwa nachambua mchele na mtoto amelala mapajani. Akasema kuna elimu inaitwa saikolojia ya rangi, na kwamba nyekundu inamwamsha mtu, manjano inamchangamsha, buluu inamtuliza. "Baba ana miezi mitatu kwenye chumba kile cha rangi ya vumbi," akasema. "Hali, hatoki, hasemi. Atapataje nafuu?" Sikumbishia. Kwanza yeye ni mkubwa kwangu, pili alikuwa analia, maana miezi hiyo mitatu ilikuwa ni tangu tumzike mama yake. Nikamwambia sawa wifi, na mume wangu naye akasema sawa. Mwisho wa wiki ile chumba cha baba mkwe kikapakwa buluu. Jioni Baba akaingia, akasimama kidogo, akatoka na blanketi lake, akaenda kulala kwenye kochi sebuleni. Hakumlaumu mtu. Siku zilizofuata hakurudi chumbani.

Siku ya tatu habari zilikuwa zimefika kijiweni. Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nauza kahawa mwisho wa ubao huo, asubuhi kabla watu hawajaenda kazini, na tena alasiri wanaporudi. Nakaa chini kuliko wao, juu ya kigoda, mtoto mgongoni, jiko la mkaa mbele yangu na ndoo ya kuoshea vikombe kando. Wenye ubao ni watatu. Soli ni fundi viatu, hakosi methali mdomoni, ila sijawahi kumsikia akiipeleka methali mahali pake. Kamusi alikuwa karani wa shule, sasa amestaafu, na kazi iliyobaki ni kusahihisha watu. Wa tatu ni Brashi, fundi rangi, na ndiye aliyekipaka chumba cha Baba. Mimi wananiita Mama Kimya. Sikasiriki, ni kweli sisemi sana. Ubaya wake ni kwamba mtu asiyesema watu humsahau, wakajadili mambo ya nyumbani kwake huku yeye anawamiminia kahawa.

— Brashi, — alianza Soli, kiatu cha mtu magotini, — nasikia Mzee amekukimbia.

— Hajanikimbia mimi. Amehama chumba.

— Amehama chumba ulichopaka wewe.

— Mimi nimepaka tu, Soli. Sijamhamisha.

— Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Rangi yako leo ni siku ya tatu.

— Jembe upewe ukuta? — Kamusi akauliza.

— Apewe fundi. Akalime, kupaka kumemshinda.

Brashi akanyoosha kikombe nimwongezee. Mikono yake ina madoadoa ya buluu mpaka kwenye viwiko, na nilipoyaona nikaangalia pembeni.

— Ni buluu gani hiyo uliyompaka? — Kamusi akataka kujua.

— Buluu mbingu. Namba kumi na nne.

— Kwanza hakuna kitu kama hicho. Hiyo ni samawati.

— Kwenye kopo wameandika buluu mbingu.

— Kopo halijasoma.

Brashi akatoa kadi ya rangi kwenye mfuko wa shati. Ni karatasi ngumu yenye vipande vidogo vidogo vya rangi, kila kimoja na namba yake, na imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Akaiweka juu ya goti na kugonga kipande kimoja kwa kidole.

— Hii hapa. Na siyo mimi niliyechagua. Binti yake Mzee alinieleza mwenyewe kwenye simu, taratibu kabisa, kama mwalimu. Kuna rangi joto na rangi baridi. Buluu ni rangi baridi. Mtu mwenye mawazo ukimweka kwenye rangi baridi, anatulia.

Soli akaacha sindano hewani.

— Kamusi, umesikia? Rangi baridi. Mtu wa miaka sabini amepakwa baridi kuta nne, halafu mji mzima unashangaa kwa nini kabeba blanketi.

— Siyo baridi ya hewa, Soli.

— Ni ya nini?

— Ya macho.

— Mimi sijawahi kuona mtu ametetemeka macho. Sikiliza nikupe dawa. Ukuta mmoja, ule wa upande wa miguu, upake nyekundu. Joto litapanda lenyewe. Kibanda changu cha kwanza kilikuwa chekundu, na sikuwahi kuvaa sweta.

— Kibanda chako cha kwanza kilikuwa nyuma ya tanuri la mikate, — Kamusi akamwambia.

— Ndiyo. Na tanuri lilikuwa rangi gani ndani?

Kamusi akaliacha hilo la tanuri. Akanywa, akafuta midomo, akajiweka sawa kama mtu anayetaka kusoma barua mbele ya mkutano.

— Mnazunguka tu. Tatizo siyo baridi, tatizo ni kazi. Mzee alikuwa nani?

— Mlinzi wa geti.

— Geti la wapi?

— La shule, — Brashi akajibu. — Wewe si ulikuwa naye huko huko.

— Nilikuwa naye. Miaka ishirini na saba alikaa pale getini. Sasa nijibu wewe uliyesomea kopo. Geti lile lilikuwa rangi gani?

Brashi akaitazama kadi yake, akanitazama mimi, akaitazama tena kadi.

— Buluu, — akasema polepole.

— Samawati. Kwa miaka ishirini na saba mtu huyo akiona samawati mbele yake, lazima awe macho. Akisinzia, anaandikiwa barua. Barua nyingine niliziandika mimi kwa mkono huu. Leo umemzungushia geti pande zote nne, halafu unamwambia alale. Atalala vipi, kaka? Yuko zamu.

— Hapo umenena, — Soli akasema kwa heshima. — Ndiyo maana wakasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Mama yake hakumfunza buluu.

Wakacheka wote watatu. Na mimi nilicheka kidogo, nikiwa nimeinamia jiko. Lile la geti nililipenda. Nilitamani liwe kweli, kwa sababu kama Baba alihama kwa ajili ya geti, basi kosa lilikuwa la wifi na kopo, na mimi sikuwemo.

— Sasa mnanishauri nini? — Brashi akauliza. — Maana mke wa kijana wa Mzee yuko hapa anasikia, na jina langu linaharibika. Nipake manjano?

— Manjano inamchangamsha mtu, — Soli akasema. — Mfiwa hachangamshwi ghafla, atateguka. Dawa ni miwani.

— Miwani gani?

— Ya vioo vya rangi. Unamwekea pea saba. Jumatatu kijani, Jumanne manjano, Jumatano hiyo samawati ya Kamusi, hivyo hivyo mpaka wiki iishe. Ukuta unabaki pale pale, saikolojia ndiyo inabadilika. Siku akichoka, anavua.

— Na usiku?

— Usiku hakuna haja. Giza halina namba kwenye kadi.

— Akimwangalia mjukuu wake naye aonekane wa kijani? — Kamusi akauliza.

— Bora wa kijani kuliko asimwangalie kabisa. Au siyo, Mama Kimya?

Nilijifanya napuliza mkaa. Maana hilo nalo lilikuwa kweli. Zamani Baba alikuwa akimchukua mtoto huyu kila nikiinama kufua. Sasa mtoto akimtambalia miguuni, anamwekea mkono kichwani mara moja, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa, halafu anaangalia mbele.

Brashi hakucheka wakati huo. Alikuwa anakwangua rangi iliyokauka kwenye kucha ya dole gumba.

— Mimi nadhani mnakosea kitu kimoja, — akasema. — Mnailaumu rangi. Mimi naulaumu ukuta. Ule ukuta una doa.

— Doa la nini?

— Sijui. Liko upande wa kushoto wa chumba, usawa wa kiuno. Lina ukubwa wa kisahani cha chai. Nimelipaka mara ya kwanza, likapotea. Asubuhi limerudi. Nikalipaka mara ya pili, likapotea. Leo mchana nimepita kuangalia, naliona linachungulia tena, manjano manjano ndani ya buluu. Miaka kumi na sita ya kazi, sijafedheheshwa na ukuta namna hii.

— Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, — Soli akasema, na kwa mara ya kwanza ikakaribia kufaa.

— Ni unyevu, — Kamusi akaamua. — Bomba limepasuka ndani.

— Hakuna bomba ukuta ule. Halafu unyevu unakuja na chumvi, rangi inamenyeka. Hili halimenyeki. Liko laini.

— Basi ukuta una huzuni.

— Kamusi.

— Nauliza kwa elimu. Hiyo saikolojia yenu inasema rangi inamwingia mtu. Sawa. Na mtu je, haingii kwenye rangi? Ukikaa na kitu miaka arobaini, wewe tu ndiye unayebadilika? Kiti cha ofisini kwangu kilikuwa na umbo langu. Alipokuja karani mpya aliketi, akasema anahisi amemkalia mtu.

Soli akasema hilo la kukaliwa na karani ndilo linalotisha, siyo doa. Akaongeza kwamba yeye anavyojua, Mzee anakula kwa siri na kujifutia mikono ukutani.

— Mzee si tunaambiwa hali?

— Hali mbele yao. Mwenye njaa ya siri hujua njia.

— Hiyo methali haipo, — Kamusi akasema.

— Itakuwepo kesho.

— Lakini umegusa kitu, — Brashi akasema, na wote wakamgeukia Soli kwa mshangao. — Ni mafuta. Si ya kupikia, sijui ni ya nini, ila ni mafuta. Yameingia kwenye plasta miaka na miaka. Na mimi chumba chote nimekipaka rangi ya maji. Rangi ya maji haizibi mafuta. Unaweza ukapaka mpaka kopo liishe, yatapanda tu, polepole, mpaka juu. Maji na mafuta hayajawahi kukaa nyumba moja.

— Sasa?

— Sasa linahitaji rangi ya mafuta. Unalipaka kwanza hiyo, linakufa, halafu buluu juu yake. Nimeshachukua kopo dogo hapo dukani. Kesho saa moja asubuhi niko kwa Mzee, naliua. Halitarudi tena maisha.

Nilikuwa namimina wakati huo. Kikombe kikajaa, nikaendelea kumimina.

— Mama Kimya, — Kamusi akaniambia kwa upole, akiinua mguu, — hicho ni kiatu changu.

Nikaomba radhi, nikakifuta kiatu kwa kitambaa cha vikombe. Doa lile nilikuwa nalijua. Nililijua kuliko fundi, kuliko wifi, na hata kuliko mume wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikifagia chumba kile.

Mama mkwe wangu alikuwa akipaka nywele mafuta ya mnyonyo kila jioni. Akishamaliza, alikuwa akikaa kwenye kigoda kati ya kitanda na ukuta, Baba akiwa amejilaza kitandani, na mama akiegemeza kichwa ukutani, mahali pale pale. Hapo ndipo walipokuwa wakizungumza. Sijui walizungumza nini. Nilisikia sauti tu nikiosha vyombo, ya mama nyembamba, ya Baba nzito, na kicheko mara moja moja. Nilipojifungua mtoto huyu, mama alikuwa akimshika akiwa amekaa hapo hapo, kichwa chake kwenye doa na kichwa cha mtoto kifuani kwake. Mwaka wangu wa kwanza kwao niliwahi kulisugua doa kwa sabuni na brashi ya kufulia, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja na niliona aibu. Mama akanikuta, akacheka. "Mwanangu, utachoka. Hiyo ni sahihi yangu," akaniambia. Nami nikalichukulia kama mzaha wa mtu asiyejali usafi.

Na siku ya kupaka rangi, Brashi alipoingia na ngazi yake, mimi ndiye niliyechukua chaki ya mtoto wa jirani na kulichorea doa lile duara, ili fundi asilisahau. Nikamwambia, na mimi si msemaji, "Hapa paka sana." Ndiyo maneno pekee niliyosema siku hiyo. Hata Baba aliyasikia. Alikuwa mlangoni, ameshika mto wake.

Siku tatu zote nilikuwa nikijiuliza kama ni buluu iliyomkataa, au kama kijani ingefaa zaidi. Blanketi na lile duara la chaki sikuwahi kuviweka pamoja, mpaka Brashi aliposema ataliua.

Kisha Soli akasema, akiwa hatazami mtu, anavuta uzi kwa meno:

— Ndiyo yale yale. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sidhani hata yeye alijua alichokisema. Kamusi alifungua mdomo amsahihishe, akafikiri kidogo, akaufunga.

Na hapo ndipo Baba akatokea kwenye kona.

Alikuwa hajafika kijiweni tangu msiba. Alikuwa na blanketi begani na viatu bila soksi. Soli na Brashi wakasimama wote wawili.

— Shikamoo Mzee.

— Marahaba. Kaeni, kaeni.

— Za siku nyingi, kaka yangu, — Kamusi akasema, akajisogeza kumpa nafasi katikati. — Tulikuwa tunakutaja.

— Nilidhani hivyo. Masikio yaliniwasha.

Akakaa. Nilipiga goti nikampa kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, na macho yake yakashuka kwenye kigoda nilichokuwa nimekikalia. Kigoda changu kilikuwa kimevunjika mguu, na siku ile fundi aliposema vitu vyote vitoke chumbani, nilikiona hiki cha mama kimesimama uani bila mwenyewe, nikakichukua. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilisema moyoni kwamba hakuna anayekitumia.

— Fundi, — Baba akasema baada ya kunywa, — umefanya kazi safi. Hukudondosha hata tone sakafuni.

— Ahsante Mzee. Lakini nasikia rangi haijakukalia vizuri. Usione haya. — Brashi akamnyooshea ile kadi. — Chagua hapo yoyote. Nakupakia upya chumba kizima kwa jasho langu.

Baba akaishika kadi mbali na macho, kama wanavyoshika karatasi watu wa umri wake. Akazipitia rangi zote, safu kwa safu, bila haraka. Alipomaliza safu ya mwisho aliigeuza, akaangalia nyuma, ambako hakuna kitu. Kisha akamrudishia.

— Nzuri zote. Wewe si ndiye unayezijua rangi? Nikuulize.

— Uliza Mzee.

— Rangi ikishapakwa, inatoka?

Brashi akafurahi. Hilo lilikuwa swali la kazi yake.

— Inatoka vizuri kabisa. Ya maji haina shida. Unalowesha, unakwangua kwa kisu cha plasta, unamaliza na msasa. Siku moja tu.

— Na kilichokuwa chini yake kinabaki?

Brashi alikuwa bado anaonyesha kwa mkono jinsi ya kukwangua. Mkono ukapunguza mwendo, ukasimama. Akamtazama Kamusi. Kamusi akatazama kiatu chake kilicholowa kahawa. Soli alivuta pumzi ya mtu mwenye methali tayari, nami nikamwona akiimeza.

— Basi, — Baba akasema. — Nilikuwa nauliza tu.

Akanirudishia kikombe. Nikainua birika nimwongezee, ili nipate kitu cha kufanya. Birika lilikuwa tupu.

Tulirudi nyumbani pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na jiko. Nilikuwa na maneno tayari. Niliyapanga kuanzia dukani mpaka kwenye kizingiti, na mlango ulipofunguka nikaingia jikoni nayo. Jioni wifi alipiga simu kuuliza kama buluu imeanza kufanya kazi. Nikasema mtandao unakatika.

Asubuhi yake Brashi alifika saa moja kamili, kopo dogo mkononi. Nilikuwa nimeshasimama mlangoni, mtoto mgongoni.

— Mama Kimya, za asubuhi. Nipishe nikamalize ile kazi.

— Usilipake, — nikasema.

— Nini?

— Lile doa. Liache lirudi.

Alinitazama kama vile mlango ndio uliozungumza.

— Litaharibu ukuta, shemeji. Litaonekana kwa kila anayeingia.

— Mimi ndiye niliyekuchorea chaki. Mimi ndiye nasema uliache.

Akageuza kopo mkononi mara moja, mara mbili. Nadhani alielewa, kwa sababu hakuniuliza zaidi. Aliondoka polepole na hakulifungua.

Nilipogeuka, Baba alikuwa ameketi kwenye kochi, blanketi magotini. Alikuwa amesikia yote. Nikaenda mbele yake nikapiga goti, na yale maneno niliyoyapanga jana yalikuwa yamepotea, likabaki moja.

— Nilichora mimi, Baba. Siyo fundi wala wifi.

— Nilikuona, — akasema.

— Fundi anasema ni mafuta. Rangi ya maji haiyashindi. Linarudi.

Kisha akanyanyuka, nikamfuata chumbani. Doa lilikuwa limepanda zaidi usiku ule, manjano hafifu, kubwa kuliko lilivyokuwa, na halina tena ukingo. Baba akainama, akasogeza uso karibu sana na ukuta. Nilidhani anataka kuegemea. Alikuwa ananusa.

— Ni rangi tu, — akasema.

Nikafungua dirisha, ingawa nilijua kwamba harufu anayoitaka haiingii kwa dirisha. Kisha nikashika upande mmoja wa kitanda, maana wifi alikuwa amesema tukihamishie upande wa pili ili Baba akiamka aione buluu yote. Yeye akashika upande mwingine. Tukakivuta mpaka kikagusa ukuta wa doa.

— Hapana, — akasema. — Acha nafasi.

Sikuuliza nafasi ya nini. Nikaenda jikoni, nikachukua kigoda, nikakifuta masizi na unga wa kahawa kwa upande wa ndani wa gauni langu, nikaja nikakiweka kati ya kitanda na ukuta kupimia. Baba akasogeza kitanda kidogo, mara mbili, mpaka kigoda kikaenea. Akajilaza akiwa ameelekea upande ule. Nikavuta mlango.

Nilichelewa kijiweni asubuhi hiyo. Kamusi aliuliza kigoda kiko wapi, nikasema kipo. Nikawamiminia kahawa nimesimama.